Waja leo, waondoka leo: mrejesho wa utafiti uliolipwa kwa fedha za umma tuudai kwa nani?

Katibu wa Mwani (Mkinga, Tanga)
Jumapili, saa 3:10 usiku

Assalaam aleikum, na habari za usiku kwa wote. Nimezoea kusoma tu humu, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuanzisha mada. Mniwie radhi, ni ndefu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani, pwani ya Mkinga. Tuko 27, wanaume wanne. Anayejua mwani anajua tofauti ya spinosam na kotonii, aina mbili tunazolima: kotonii ndiyo yenye bei, spinosam ndiyo inayovumilia. Maji yakichemka wakati wa kaskazi (msimu wa joto) kotonii huanza kuwa nyeupe, inalainika, inakatika, na ukirudi bamvua linalofuata (siku za maji kutoka sana) unakuta taitai, vikamba vya kufungia mbegu, zinaning'inia tupu kwenye kamba. Sisi tumepoteza kotonii hivyo mara nyingi mpaka wengi wakaiacha.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Novemba, walikuja watafiti watano. Utaratibu waliufuata, hilo siwanyimi. Barua ya halmashauri walikuwa nayo, wakapita kwa mtendaji, mwenyekiti akatuita chini ya mkungu karibu na banda letu la kuanikia. Kiongozi wao, mtu mpole, akasimama akasema neno ambalo sijalisahau: "Mama zangu, fedha hizi hazikutoka kwa mfadhili wa nje. Ni za umma, ni kodi yenu. Kwa hiyo majibu nayo ni yenu." Tulimpigia makofi. Mama mmoja mtu mzima akampa nazi mbili za kwenda nazo.

Wakafunga vipima joto kwenye kamba za mashamba sita, vidogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Sisi tukaambiwa tuvilinde. Vilikaa majini miezi 14 na hakikupotea hata kimoja, pamoja na kwamba wavuvi wa usiku wanapita pale na nyavu. Mimi nikapewa kaunta buku la kwaya tatu. Kila bamvua niandike tarehe, saa maji yalipotoka, upepo gani, mwani wa shamba lipi umebadilika rangi, kamba ngapi zimekatika. Niliandika kurasa 61. Mvua za masika zikipiga nalitia ndani ya ndoo yenye mfuniko, naibeba ndoo kichwani hadi shambani na kurudi nayo. Posho walitulipa siku za mwanzo, baadaye hapana, na hatukudai, maana tulikuwa tunataka kujua.

Walipomaliza walichukua vipima joto na kaunta buku. Wakasema vitarudi pamoja na majibu kabla ya kaskazi inayofuata.

Kaskazi ikaja ikapita. Nikipiga simu naambiwa "tunachakata". Kisha mwaka jana mwezi wa nane, binti ya dada yangu anayesoma Morogoro alikwenda viwanja vya Nane Nane, akanitumia picha. Bango kubwa, limeandikwa Kiingereza kitupu. Katikati ni mwenzetu ameinama majini, kanga kiunoni. Pembeni mchoro wenye mistari sita, na chini nembo na neno la kuushukuru mfuko wa umma uliotoa fedha. Mfuko huo sitautaja, wala chuo. Sikuja hapa kumchafua mtu.

Binti akanisomea kwa simu, taratibu, mstari kwa mstari. Shamba la pili na la tatu, yale ya karibu na ufuko, joto lake linapita mpaka wa hatari karibu kila bamvua la kaskazi, kati ya saa tano na saa saba mchana, maji yanapokuwa madogo na jua liko utosini. Shamba la sita, lile la mlangoni kwenye mkondo, halifiki mpaka huo.

Nikakaa chini. Maana kaskazi iliyokuwa imepita, wenzangu tisa walikopa kwenye kikoba wakarudia kotonii. Wapi? Shamba la pili na la tatu, kwa sababu unafika kwa miguu, huhitaji ngalawa. Kamba 180. Hawakuvuna kitu. Mkopo wameulipa kwa kuuza kuku na kusuka makuti. Na wakati wanafunga mbegu kwenye taitai, ule mchoro ulikuwa umeshachorwa, uko kwenye kompyuta ya mtu.

Kiongozi wa utafiti sasa yuko masomoni nje. Msaidizi wake ananiambia ripoti ilishapelekwa kwa waliotoa fedha na mradi "umefungwa". Halmashauri wanasema hawajaona nakala.

Naomba wenye uelewa mnisaidie. Majibu haya nayadai kwa nani: kwa mtafiti, kwa chuo, kwa halmashauri, au kwa huo mfuko? Mfuko una wajibu wowote kwetu, au wajibu wake unaishia kwa mtafiti? Na lile swali la utafiti lenyewe, nani alilichagua? Sisi tungeulizwa tangu mwanzo tungetaka kujua wapi pa kupanda. Hatukuulizwa, tulijulishwa.

---

Msoma Maandiko
Jumatatu, saa 1:45 asubuhi

Dada Katibu, pole sana na hao wenzio tisa. Nimestaafu, lakini miaka saba nilikaa kwenye ofisi inayogawa ruzuku za utafiti, si huko Tanga. Nikueleze mambo yanavyokwenda ndani, maana kwa nje hayaonekani, na hiyo ndiyo nusu ya tatizo.

Mfuko hutangaza wito wa maombi. Watafiti wanaandika andiko, yaani maombi ya fedha yenye swali, mpango na bajeti. Andiko linapelekwa kwa wapitiaji wawili au watatu ambao majina yao hayatajwi, na hilo ni sawa, ili mtu aseme kweli bila kumhofia mwenzake. Lakini usiri huo wa jina la mpitiaji umezoeleka hadi umefunika na yasiyohitaji usiri: nani alipewa, kiasi gani, kwa swali lipi, kwa muda gani, ripoti iko wapi. Hayo hayamdhuru mtu yakibandikwa ukutani. Kila mara tulipoulizwa na mwananchi, jibu letu la kwanza lilikuwa kuangalia nani kauliza, badala ya kuangalia kilichoulizwa.

Mtafiti akichaguliwa, mkataba wa ruzuku husainiwa na taasisi yake. Shika hapo. Mtafiti ameenda masomoni, taasisi ipo palepale na ndiyo iliyosaini. "Mradi umefungwa" maana yake hesabu zimefungwa. Majibu hayafungwi.

Fedha hutoka kwa awamu, na awamu ya mwisho husubiri ripoti mbili, ya kitaalamu na ya fedha. Karibu kila andiko nililosoma lilikuwa na kifungu cha kusambaza matokeo. Kinawekwa mwishoni mwa bajeti, kwa hiyo fedha zikipungua ndicho cha kwanza kukatwa, na kinachosalia kinalipa nauli ya kongamano na ada ya jarida. Halafu kwenye ripoti ya mwisho kuna sehemu ya ushirikishwaji wa wadau. Kiambatisho chake huwa ni karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa kwanza. Sahihi yako bila shaka ipo pale, chini ya mkungu. Mimi nimepitisha ripoti za namna hiyo, dada yangu. Niliangalia kama risiti zinalingana, zikalingana, nikagonga muhuri. Hakuna aliyenitaka nipige simu kijijini kuuliza kama watu wamepata kitu, na mimi sikuwaza kupiga. Hilo linaniuma nikisoma habari ya kamba 180.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mfuko una wajibu kwenu, kwa kuwa ndio ulioshika fedha zenu na ndio ulioandika masharti ya mkataba. Mtafiti hufanya kile ambacho awamu ya mwisho inamdai. Ikidai jarida, ataleta jarida. Ikidai muhtasari wa Kiswahili wenye muhuri wa serikali ya kijiji kuthibitisha kuwa ulisomwa mkutanoni, ataleta huo.

Sheria unayo mkononi. Katiba, ibara ya 18, inakupa haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Iko pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Raia anaandika ombi kwa taasisi inayoshikilia taarifa, na taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andika kwa mkuu wa chuo, nakala kwa mkuu wa mfuko. Usilalamike sana ndani ya barua, taja vitu: muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili, jedwali la joto la mashamba sita, kaunta buku lenu au nakala yake. Peleka kwa mkono, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Kwingine wamefika mbali kidogo kwenye hili. Uingereza wana UKRI, chombo kilichoanza mwaka 2018 kwa kuunganisha mabaraza ya utafiti. Wana tovuti ambayo mtu yeyote, bila kuomba ruhusa, anaona mradi, taasisi iliyopewa na kiasi cha paundi. Marekani, NIH (taasisi zao za taifa za utafiti wa afya) nao wana yao. Na kuhusu lile swali lako la nani alichagua swali la utafiti: hukohuko Uingereza tangu 2004 kuna utaratibu wa James Lind Alliance, ambapo wagonjwa, wanaowauguza na madaktari wanakaa meza moja na kupanga maswali kumi yanayostahili kutafitiwa kwanza. Mgonjwa anaingia kabla andiko halijaandikwa. Sioni kwa nini mkulima wa mwani asikae meza kama hiyo.

Hapa kwetu msingi upo. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986, na MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, ukaanzishwa 1995. Sisemi ndio waliolipia utafiti wenu, hukutaja na mimi sikisii. Ninachosema ni kwamba kodi kulipia utafiti si jambo geni nchini, kwa hiyo na mwenye kodi kuuliza lisionekane geni.

---

Kijana wa Chuda
Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

Mlilipwa posho au hamkulipwa? Aliyelipwa kazi yake imeisha.

---

Katibu wa Mwani
Jumatatu, saa 6:05 mchana

Mwanangu, posho ni ya siku niliyoacha kazi yangu nikashika yao. Haikununua maji ya shamba langu wala maandishi ya mkono wangu. Na zile kurasa 61 nyingi niliziandika bila posho.

Mzee Msoma Maandiko, ahsante sana. Nimeyaandika kwenye karatasi. Nakuheshimu kwa kusema kweli kuhusu zile risiti.

---

Mzee wa Jarife (Tanga mjini)
Jumatatu, saa 11:30 jioni

Bi Katibu, salaam. Mimi ni mvuvi, nilianza bahari kwa baba yangu. Naafiki barua, ila barua ni dawa ya baada ya kuugua. Mlango wa kuingilia ndio wa kulinda.

Sisi wa pwani ya Tanga tulijifunza kwa silikanti, yule samaki wa kale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 samaki yule akaanza kunaswa kwenye majarife yetu huku (nyavu za matundu makubwa), samaki ambaye wataalamu walikuwa wakimjua zaidi kwa Komoro. Wakaja watu wa kila namna na kamera. Sisi tulimwona samaki wa mafuta, haliki, wao wakaona ajabu ya dunia. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Sisemi hifadhi ni mbaya, samaki yule anastahili kulindwa. Nasema wenzangu wengi walifahamu uzito wa utafiti ule siku walipoambiwa hapa usitege. Mtu akisikia majibu kwa mara ya kwanza yakiwa yamegeuka katazo, atawaficha watafiti kila kitu tangu siku hiyo. Nimeona kwa macho yangu, mtu anaulizwa amevua wapi, anataja mahali ambapo hata nanga hajawahi kutia.

Sasa nikupe la pili, la kheri. Miaka ya karibuni alikuja kijana mmoja kutafiti ukubwa wa matundu ya nyavu. Mtoto wa watu, hana makuu. Alipomaliza alirudi, akaomba ubao pale soko la Deep Sea tunaponadia samaki, saa za mnada, si kwenye ukumbi. Akaandika kwa chaki: tundu hili, samaki wachanga wangapi; tundu lile, wangapi. Akaeleza kama nusu saa. Mzee mmoja akamuuliza habari ya nguru. Yule kijana akajibu, "Kuhusu nguru sikupata jibu. Nilitega siku chache na hali ya hewa ikanikataa." Soko zima likanyamaza. Hatukuwa tumewahi kumsikia msomi akisema sikupata. Tangu siku hiyo akipiga simu kuuliza kitu, anaambiwa kweli tupu, hata habari ambazo mwenyewe hakuziuliza.

Kwa hiyo kikundi chetu cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi kikatunga daftari lake. Anayekuja kutafiti anaandika kwa mkono wake: jina, taasisi, nani kalipa, anatafuta nini, atarudi mwezi gani kueleza, na namba ya simu ya mtu wa pili kama yeye hayupo. Anasaini, mtendaji anasaini. Wapo waliokataa kuandika ule mwezi wa kurudi. Hao hatukuwapa boti.

---

Muuguzi Mstaafu (Korogwe)
Jumatatu, saa 2:50 usiku

Naunga mkono daftari la Mzee. Sisi wa afya tumezoea kitu kama hicho kwa lazima. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalipofanyika, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, na Bagamoyo ndiyo ilikuwa ya pili kwa Tanzania. Watoto 15,459 kwa jumla. Fedha hazikuwa za mfuko wa serikali yetu, ila utaratibu ndio ninaoutaja: kwenye majaribio ya namna hiyo mzazi haombwi kusaini kabla hajaelezwa kwa lugha yake, asiyejua kusoma huletewa shahidi asiye wa upande wa watafiti, na anayo haki ya kujitoa siku yoyote. WHO ilipoipendekeza chanjo ile Oktoba 2021 nilikuwa nasikiliza redio jikoni, nikalia. Nilijua imetokana na watoto wa wapi.

Watafiti wa bahari wanasema hawamchomi mtu sindano, kwa hiyo ridhaa si kitu kikubwa. Lakini bi Katibu ameeleza hapo juu hasara ya watu tisa.

---

Mtafiti wa Pwani
Jumanne, saa 4:15 asubuhi

Shikamoo bi Katibu, shikamooni wazee. Nafundisha chuo kikuu na nafanya utafiti wa pwani. Si mimi niliyekuja kwenu, lakini ningeweza kuwa mimi, kwa hiyo najibu kwa heshima.

Kwanza, hofu yetu. Tukitoa matokeo kabla ya kuchapisha tunaogopa jarida litasema si mapya tena, au mwingine atayachukua. Jarida linaweza kuchukua mwaka na zaidi. Kupanda cheo kwangu kunahesabiwa kwa machapisho. Hakuna fomu inayoniuliza nilirudi kijijini mara ngapi. Pili, wito wa maombi unatoka, una wiki sita. Katika wiki sita hizo siwezi kufika Mkinga, kukaa na kikundi, kusikiliza swali lao, kurudi na kuandika. Naandika swali nililo nalo kichwani, halafu nakuja "kushirikisha". Mfuko ukitaka tuanze na wananchi, utoe fedha kidogo ya kwenda kusikiliza kabla ya andiko. Shilingi hiyo sijawahi kuiona.

Tatu, na hapa naomba nisieleweke vibaya: matokeo ya msimu mmoja, mashamba sita, si ushauri wa kilimo. Nikikwambia panda shamba la sita, na mwaka ujao joto likapanda hata kule, lawama ni yangu. Ndiyo maana wengine tunanyamaza hadi tuwe na uhakika.

---

Katibu wa Mwani
Jumanne, saa 12:40 jioni

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kujitokeza. La wiki sita sikulijua na limenisikitisha. Kumbe na nyinyi mnaburuzwa.

Ila la tatu sikubaliani nalo. Mimi sikuomba ushauri. Niliomba joto la maji yangu. Mkulima wa mwani kila siku anaamua bila uhakika: anaangalia upepo, anaangalia mwezi, anapanda, anasubiri siku 45. Tungepewa ile mistari sita na maneno "hii ni kaskazi moja tu, tahadharini", wenzangu wangejadili. Pengine wangepanda nusu pwani na nusu mlangoni. Pengine wangekodi ngalawa. Pengine wangepata hasara vilevile, lakini wangeipata wakijua. Nyinyi mkingojea uhakika, sisi tunapanda gizani na kikoba kinahesabu riba. Yule kijana wa mzee alisema sikupata jibu kuhusu nguru, na watu wakamwamini zaidi. Sisi si watoto, neno "bado sijui" tunalielewa.

Na kuhusu jarida: maneno ya Kiswahili yaliyosomwa chini ya mkungu kwa watu 27 yatalinyima nini jarida la Ulaya?

---

Mtafiti wa Pwani
Jumanne, saa 3:30 usiku

Hayatalinyima kitu. Umesema kweli, bi. Nina kikundi cha wachimba chaza ninaowadai majedwali tangu mwaka juzi, yaani wao ndio wananidai mimi. Nimefungua faili usiku huu.

---

Katibu wa Mwani
Jumamosi, wiki ya saba baadaye, saa 8:00 mchana

Nimerudi kuleta habari, maana mlinisaidia.

Barua tuliiandika kama alivyoelekeza Mzee Msoma Maandiko. Ukurasa mmoja, vitu vitatu, sahihi 27. Wawili wetu ambao hawaandiki waliweka dole gumba. Nilipanda basi mwenyewe nikaipeleka chuoni, nikagongewa muhuri kwenye nakala. Dada wa masijala aliniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nakala ya mfuko niliituma kwa posta ya rejesta.

Siku ya 19 nikapigiwa simu na mkuu wa idara. Alikuwa muungwana, hakuwa na ubishi. Alisema hakujua kwamba majibu hayakurudi, kwa kuwa kwenye ripoti imeandikwa yalirudi. Nikamwambia hiyo karatasi ya mahudhurio ni ya Novemba ile ya kwanza, aangalie tarehe. Akanyamaza kidogo, akasema ameiona.

Kaunta buku limefika, la kwangu lenyewe. Kurasa mbili zimelowa chai, mengine yote yapo. Jedwali la joto limekuja kwa Kiswahili, shamba kwa shamba, mwezi kwa mwezi. Nimekaa nalo na daftari langu pembeni usiku tatu. Siku nilizoandika "kotonii ya shamba la pili imeanza weupe" zinafuata joto kubwa kwa siku nne au tano. Mkono wangu na kile kifaa kidogo vilikuwa vinaandika jambo moja. Na kuna kitu ambacho bango halikusema: shamba la tano, ambalo sisi tuliliona bovu kwa sababu ya mchanga, wakati wa kusi (msimu wa baridi) ndilo lenye maji tulivu zaidi kwa joto, mchana na usiku. Hilo hakuna aliyelijua.

Mfuko nao wamejibu, barua ya aya mbili. Wamesema wataangalia namna ya kuweka sharti la mrejesho kwa Kiswahili kwenye mikataba ijayo. Swali langu la nani anakaa kuchagua maswali hawakuligusa. Nimeandika tena juu ya hilo peke yake. Leo ni siku ya 11.

Daftari la Mzee wa Jarife tumelinunua, tumechora safu zake. Mtendaji wetu ameongeza safu moja kwa akili yake: "Nakala ya ripoti imepokelewa na nani, tarehe ngapi."

Watu wa chuo wanakuja bamvua hili, Jumatano. Nimewaambia wasije saa nane kama walivyopanga, waje saa nne asubuhi maji yakiwa yametoka, tusimame kwenye shamba la pili, kisha la tano, kisha tupande ngalawa hadi la sita, na jedwali lisomwe palepale. Wale wenzangu tisa ndio watakaouliza kwanza. Mtafiti wa Pwani, kama uko karibu, karibu sana. Uje na viatu vya kuingilia majini, shamba la tatu lina fungu la mawe na urchini wengi, wale wenye miiba.